Waini Niliyokataa Kuitema

Binti yangu alinipikia chapati sita, akazifunga kwenye karatasi ya foili, akanituma nikamrudishie mtoto wake.

Ilikuwa Julai, mwaka elfu mbili na nane. Nilikuwa nimeshaacha kazi ya kusafisha maofisi mjini, magoti yameanza kunisemesha kwenye ngazi, na sikutazamia safari yoyote zaidi ya sokoni na kanisani. Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu, msichana wa miaka ishirini. Nilimlea mimi. Hilo naliandika mapema lisije likasahauliwa. Mama yake ni nesi, na mwaka tisini na moja, alipoona zamu za hospitali zinamshinda, alinitoa Dodoma akanileta Thamesmead, London, kwa kazi moja tu, kumshika huyo mtoto. Nilimkuta ana miaka mitatu, ana pua inayotiririka na macho yanayouliza.

Ana akili. Sisemi kwa kuwa ni wangu. Au basi, nasema kwa kuwa ni wangu, lakini ni kweli pia. Alipata chuo kikuu kusomea famasia, na mama yake akalisimulia jambo hilo kanisani mpaka watu wakaanza kumkwepa mlangoni. Mwaka wa pili msichana akaacha. Aliacha hivihivi, kama mtu anayeshuka kwenye basi kabla ya kituo chake, akaenda pwani ya Kent kufanya kazi kwenye boti inayopeleka watu kutazama sili. Kwa asiyemjua, sili ni mnyama wa baharini mwenye mwili kama gunia la mahindi lililoloa na uso kama wa mbwa aliyefiwa.

Chuo kilisema kitampokea tena, ila atie sahihi fomu na ifike Jumatatu. Fomu hiyo binti yangu aliitia kwenye bahasha, bahasha akaiweka kwenye mkoba wangu, chini ya chapati.

"Wewe atakusikiliza," aliniambia. "Mimi akiona namba yangu hapokei."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie sikuosha migongo ya wazee wa watu miaka yote hii ili yeye akahesabu samaki."

"Sili si samaki," nikasema. Mjukuu alikuwa ameshanieleza kwenye simu.

"Mama, usianze."

Nikapanda treni. Nyumba za London ziliisha polepole, kama mtu anayelala huku bado anazungumza, halafu kukawa na mashamba, na katikati ya mashamba nikaona maji yanang'aa. Mimi ni mtu wa bara, nilikotoka mvua ni mgeni. Maji mengi namna ile, mpaka leo, siyaamini sana.

Alikuwa ananingoja stesheni, amevaa jaketi la njano na viatu vya mpira, nywele amekata zote.

"Mke mwenzangu!" akapiga kelele, watu wakageuka.

Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, maana babu ni mume wao wote wawili. Kwa hiyo tunatukanana tunavyotaka na hakuna anayekasirika. Babu mwenyewe amelala Dodoma miaka mingi, na bado tunamgombania.

"Umenenepa, mke mwenzangu," akasema.

"Na wewe umekuwa mweusi kama sufuria la shule. Nani atakuoa?"

"Ninaye mume. Babu."

"Babu ni wangu. Wewe ulikuta makombo."

Akacheka, akaubeba mkoba wangu, na fomu ikiwa ndani. Kiswahili chake ni cha kizee, kwa sababu alijifunza kwangu. Watoto waliozaliwa London wengi wanakisikia lakini wanajibu kwa Kiingereza, na yeye kwa mama yake alikuwa hivyo. Kwangu hakuwa na njia. Kiingereza changu kilikuwa cha ndoo na dekio, hakikutosha kumlea mtu.

Safari yao ya kutembeza wageni ilikuwa ya siku tatu. Mwenye boti, Mwingereza mzee mwenye masikio mekundu, alikuwa ameshirikiana na mama mmoja mwenye shamba la mizabibu. Asubuhi wageni wanapelekwa baharini kutazama wanyama, mchana wanakwenda shambani kuonja waini, jioni wanalala kwenye nyumba ya wageni iliyo juu ya mwamba mweupe kama chaki. Wageni walikuwa sita, watu wazima wenye kofia za kitambaa. Mmoja aliugua, nikapewa nafasi yake. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa akieleza kila kitu. Anaeleza kwa Kiingereza, wanaandika kwenye vidaftari, halafu ananigeukia anaeleza upya kwa Kiswahili cha Dodoma.

Asubuhi ya kwanza bahari ilikuwa imelala. Haikuwa na rangi. Mbingu ilishuka mpaka kwenye maji na boti ikawa inakwenda katikati ya kitu kimoja cha kijivu, kama sindano kwenye pamba. Nilivalishwa jaketi la kuelea, nikakaa kama mtoto wa ubatizo. Kisha mwenye boti akazima injini, na mbele yetu, mahali ambapo bahari ilikuwa imerudi nyuma, palitokea fungu refu la mchanga, na juu yake wamelala.

Walikuwa labda arobaini. Wamelala chali, wamelala ubavu, mikia imeinuka, matumbo yamejaa. Walifanana na wanaume wa nyumbani baada ya sikukuu, wameshiba nyama na hawana haraka na lolote. Mmoja akainua kichwa akanitazama. Macho yake yalikuwa makubwa, meusi, yana maji. Nilijikuta nimemwamkia.

"Bibi," mjukuu akaniinamia sikioni, "unaliona lile tairi lako?"

Nililijua tairi hilo. Alipokuwa na miaka mitano nilikuwa namchukua jioni mpaka kwenye ukuta wa mto, pale Thamesmead, kumpumzisha na kelele za gorofani. Siku moja akaona kichwa kwenye maji ya kahawia. Akasema kimemtazama. Nikamwambia ni tairi la gari. Akalia njia nzima mpaka nyumbani, anasema tairi halina macho, nami nikamwahidi kofi akiendelea. Kumbe tangu siku ile alikuwa analitafuta tairi lake.

"Ungesema ukweli," akaniambia pale kwenye boti, "pengine ningekuwa daktari."

"Nilisema ninachokijua. Dodoma hakuna hawa."

Akanipa darubini. Mkono wake ulikuwa na makovu ya kamba na kucha zilizokatika, nikakumbuka fomu.

Mchana tukaenda shambani. Nilipoona mizabibu nilishuka kwenye gari kabla halijasimama sawasawa. Mistari na mistari, nyaya zimevutwa, majani yanacheza na upepo mwepesi. Miaka hamsini ilinitoka. Nilikuwa msichana wa misheni tena, udongo mwekundu kwenye vidole vya miguu, makasi ya kupogolea kiunoni. Udongo wa pale Kent ni mweupe, umejaa vipande vya chaki, lakini majani ni yaleyale na harufu ni ileile, harufu ya kijani yenye ukali kidogo. Sikusema kitu. Nilikuwa nimekuja kwa kazi nyingine.

Walituweka kwenye banda la mbao, kwenye meza ndefu, glasi sita kwa kila mtu. Mama mwenye shamba akatueleza: unainusa, unaizungusha mdomoni, unaitema kwenye ndoo. Ndoo ndogo ya kung'aa. Na aliyezunguka nayo kwa wageni alikuwa mjukuu wangu.

Hapa inabidi nieleze jambo la kwetu. Katika ukoo wetu, mtu akianza safari kubwa au kazi kubwa, mzee wake huchukua kinywaji mdomoni, iwe pombe, iwe maziwa, hata maji, akamtemea kifuani kwa ukungu mwembamba. Puuh. Basi, njia yake imefunguliwa. Hiyo ndiyo baraka yenyewe, na mzee akishaitoa hana tena la kusema, hata akikasirika kesho. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo mara moja tu maishani mwangu. Sasa wewe fikiria: nimetumwa kumrudisha msichana, na msichana amesimama mbele yangu, kifua kwangu, ananiambia nitie kinywaji mdomoni niteme.

"Tema, Bibi."

"Nikutemee wewe?"

"Kwenye ndoo."

"Ndoo umeishika wewe."

Akaelewa. Nilimsimulia mambo hayo tangu utotoni, nikimsuka. Akaiweka ndoo mezani, akarudi hatua moja. "Haya. Ni ndoo tu sasa."

"Na wewe bado uko mbele yangu. Sitemi."

"Ziko sita, Bibi!"

"Nitazimeza sita."

Nikazimeza. Ya kwanza ilikuwa kali kama limau, ya pili ilikuwa na vipovu, ya tatu ilinikumbusha majani yaliyolowa, na baada ya hapo sikumbuki tofauti. Mama mwenye shamba alifurahi sana, akamwambia mjukuu wangu kwamba hajapata mgeni anayeipenda waini yake namna ile. Wengine wote walikuwa wanatema kwa adabu, puuh, puuh, puuh, na mimi nawatazama Wazungu wale wanaibariki ndoo.

Nililala palepale, kwenye kiti, mlangoni mwa banda. Jua lilikuwa la upole. Katika usingizi nikawaona sili wamelala Dodoma, katikati ya mistari ya mizabibu, matumbo yao juu ya udongo mwekundu, na marehemu mume wangu anapita anawaruka mmoja mmoja, amebeba kikapu, anasema, msiwaamshe. Niliposhtuka, mtu alikuwa amenifunika jaketi la njano.

Simu ililia jioni kabla ya chakula.

"Umemwambia?" binti yangu akauliza.

"Bado."

"Unafanya nini huko?"

"Nimelewa."

"Mama?"

"Nitakueleza. Nina sababu zangu."

Siku ya pili kulikuwa na ukungu, boti haikutoka. Tukawatembeza wageni ufukweni. Nasema tukawatembeza kwa sababu kufikia hapo nilikuwa nimejiona na mimi mwenyeji. Ufukwe ulikuwa wa mawe madogo, yanalia chini ya miguu, na ukungu unafungua kidogo na kufunga, unatuonyesha bahari kidogokidogo, kipande kwa kipande, kama mwanamke anayeonyesha kitambaa cha bei.

Mbele tukakuta watu wamekusanyika. Katikati kulikuwa na mtoto wa sili, mdogo kama mto wa kulalia, peke yake, anatoa sauti kama ya mtoto wa binadamu kabisa. Nilisikia matiti yangu makavu yakishtuka. Mwanamke mmoja alikuwa na mbwa. Mwanamume mmoja alikuwa ameinama anataka kumsukuma majini kwa mguu.

Mjukuu wangu hakukimbia. Alitembea tu, akasimama kati yao na yule mtoto, akasema kitu kwa Kiingereza, taratibu, sauti ya chini. Maneno yote sikuyashika, lakini sauti niliijua. Ilikuwa yangu. Ndiyo sauti niliyoitumia miaka yote kwa watu waliokanyaga sakafu yangu ikiwa mbichi. Yule mwanamume akarudi nyuma, akaomba radhi. Mbwa akafungwa kamba. Akawasogeza wote mbali, mbali sana, kisha akapiga simu kwa watu wao wanaohusika na wanyama, wakamwambia asubiri na asimguse. Mama yake yuko majini anawinda, akanieleza. Akiona watu harudi.

Basi tukasubiri. Wageni wengine walikwenda kunywa chai. Yeye akalala kifudifudi kwenye mawe yale, darubini machoni, na mimi nikakaa nyuma yake juu ya mkoba wangu, juu ya fomu na chapati. Tulikaa saa mbili na zaidi. Hakugeuka. Hakushika simu. Mara moja tu alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, nikamwekea chapati, akala akiwa amelala hivyohivyo, kama askari.

Nilimlea yule. Najua alivyokuwa akisoma vitabu vya famasia mezani kwetu, mguu mmoja unatikisika, anainuka kila dakika kufungua friji. Sasa alikuwa ametulia kama jiwe.

Bahari ikapanda. Ukungu ukafunguka kidogo, na ndani ya maji kikatokea kichwa, cheusi, cha mviringo. Kikatazama kushoto, kikatazama kulia. Mtoto akaacha kulia. Akajikokota, akateleza, akaingia, na vichwa vikawa viwili, kisha ukungu ukafunga. Sina hakika kama niliyaona yote hayo kwa macho au mengine nimeongeza kwa kuyakumbuka mara nyingi. Lakini vichwa vilikuwa viwili.

Mjukuu wangu akaketi, mawe yamemchora usoni. Bila kunitazama akasema, "Umekuja kunichukua, sivyo?"

"Nimetumwa."

"Una fomu?"

"Nimeikalia."

Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Mama nimemkatalia. Chuo nimewakatalia. Lakini wewe, Bibi, siwezi. Ukisema nirudi, nitatia sahihi kesho tukimaliza. Sitanuna. Sema tu."

Hapo ndipo niliponaswa. Nilidhani nimebeba neno la mtu mwingine, kumbe linangojwa langu. Kweli nilimwonea huruma binti yangu. Nilimwona anarudi asubuhi kutoka zamu, viatu mkononi, anapita kwenye korido kwa vidole vya miguu asituamshe. Alitaka mtoto wake awe na kazi ya koti jeupe, ya ndani, isiyo na mvua wala mgongo wa mtu. Nani atamlaumu? Nikasema, "Nitasema kesho." Mwili mzima ulikuwa mzito kama wale waliolala kwenye mchanga.

Simu ya jioni sikuipokea. Mungu anisamehe.

Siku ya tatu jua liliwaka. Baharini tulikaa kidogo, maji yakiwa kijani na sili wanaogelea chini ya boti kama vivuli vya mawingu, halafu tukarudi shambani mara ya mwisho. Mama mwenye shamba akasema wageni watembee wenyewe kati ya mistari kabla ya kuonja.

Kwenye mstari wa tatu nikakuta vibarua wawili wanang'oa majani. Wanang'oa majani mazima, mabichi, yaliyokaa mbele ya vichala, wanayatupa chini, na vile vizabibu vichanga, vidogo kama pilipili manga, vimeachwa wazi juani. Damu ikanipanda. Dodoma, jani la mbele ya kichala ni mwavuli wa kichala. Ukilitoa, jua linakaanga zabibu mchana mmoja, na msimamizi atakufukuza. Nilimshika kibarua mkono.

"Mnazivua nguo!" nikamwambia. "Nani kawafundisha kazi?"

Kwa Kiswahili. Yule kijana wa Kipolandi, sijui ndiko alikotoka, alinitazama kama ameona malaika wa hukumu. Mama mwenye shamba akaja mbio, na mjukuu wangu nyuma yake.

"Bibi, umefanya nini?"

"Mwambie huyu mama wanamwulia mizabibu. Mwambie mimi nilikuwa fundi."

Akageuka taratibu. "Fundi wa nini?"

Hakujua. Miaka kumi na saba nimemsuka, nimemlisha, nimemsimulia fisi na mavuno na ukoo wote, na hilo sikuwahi kumwambia. Basi nikamwambia pale, kwenye mstari, kibarua bado nimemshika. Kwamba nilisoma mpaka darasa la nne, baba akanipeleka kwenye mizabibu ya misheni kuokota vijiti vilivyopogolewa. Kwamba baada ya mwaka mmoja nilikuwa najua, nikitazama tawi tu, jicho lipi litazaa na lipi litatoa majani matupu. Sikufundishwa na mtu. Padri wa Kiitaliano alinipa makasi yake mwenyewe, akawa anawaleta wanaume wazima wanitazame mikono. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kisha nikachumbiwa, baba akaja kunichukua shambani siku ya kupogoa, nimefika nusu ya mstari. Makasi nikayaacha yananing'inia kwenye waya. Babu yako alikuwa mtu mwema, nikamwambia, simsemi vibaya. Lakini ule mstari sikuumaliza.

Mama mwenye shamba alikuwa anangoja kutafsiriwa, na mjukuu wangu akamtafsiria, kirefu, sauti inakwama hapa na pale. Yule mama akanishika mkono wangu mwingine. Akaeleza kitu, anaonyesha mbinguni, anaonyesha kichala.

"Anasema uko sahihi kwa Dodoma," mjukuu akasema. "Anasema huku jua ni haba. Ukiacha jani, zabibu inabaki chachu, inaoza kwa unyevu. Huku lazima utoe jani la upande wa asubuhi, jua liingie. Kila mahali na jua lake, anasema."

Nikamwachia kibarua. Niliviangalia vile vichala vilivyovuliwa. Havikuwa vimeungua hata kimoja. Vilikuwa vinang'aa, vimetulia, vinakunywa jua lile dogo kwa ngozi nzima. Nikainama, nikang'oa jani moja, upande wa asubuhi. Likatoka kirahisi. Nikang'oa la pili. Nikaenda na mstari, wageni wote wamesimama nyuma yangu na kofia zao, ni nyuki tu wanaosikika, na magoti yangu, nakuapia, hayakuniuma. Sijui nilitembea muda gani. Nilipoinua kichwa mstari ulikuwa umekwisha na mbele yangu kulikuwa na ua, na ng'ambo ya ua kipande cha bahari.

Tukaketi mezani. Glasi ya kwanza ikamiminwa, waini nyeupe, ina rangi ya majani makavu. Mjukuu akashika ndoo, kisha akakumbuka, akataka kuiweka chini.

"Iache ndoo," nikasema. "Njoo hapa. Fungua jaketi."

Alinitazama. "Bibi, una hakika?"

"Fungua kabla sijaimeza."

Akafungua zipu. Akapiga magoti kwenye sakafu ya mbao ili nimfikie, maana amerefuka sana kwa vyakula vya huku. Nikatia waini mdomoni. Niliishika pale, na safari hii niliionja hasa: chaki, jani, limau, jua kidogo. Kisha nikamtemea kifuani. Puuh. Ukungu mzuri, mwembamba, wa kiutu uzima. Ulipita kwenye mwanga wa mlango, ukamshukia shingoni na kwenye fulana.

"Nenda na sili wako," nikasema. "Maliza mstari."

Akaweka kichwa mapajani mwangu akalia. Wageni walikaa kama waliogandishwa. Mwenye boti akatoa leso, hajui ampe nani. Mama mwenye shamba akauliza kwa sauti ndogo, na mjukuu wangu akamjibu bila kuinua kichwa.

"Kauliza nini?"

"Kauliza kama waini ni mbaya."

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia hujapata kuonja nzuri kama hii."

Nilirudi Thamesmead Jumapili jioni. Binti yangu alifungua mlango kabla sijagonga, bado amevaa sare. Hakuniamkia.

"Fomu iko wapi?"

Nikampa. Ilikuwa imekunjamana kwa kukaliwa, ina mafuta ya chapati, na pale chini hapakuwa na sahihi. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Mama, alikataa hata kwako?"

"Hakukataa. Angesaini. Nilimtemea."

Akaketi kwenye ngazi, palepale koridoni. Yeye hakuhitaji kutafsiriwa. Nikasikia friji inanguruma jikoni, na nje basi likipita. Nilikuwa tayari anitukane, na nilikuwa nimeshajiandaa kunyamaza.

"Mbele ya Wazungu?" akasema mwishowe.

"Mbele ya Wazungu."

"Kwa nini? Nilikutuma, Mama. Nilikutuma wewe."

Nikaketi ngazi ya chini yake, ingawa kuinuka ni kazi. "Wewe nilikutemea stendi ya mabasi," nikamwambia. "Maji ya chupa. Baba yako amenuna nyumbani, amekataa kuja kukuaga, anasema msichana haendi Ulaya kuosha wagonjwa. Siku ile hukuniuliza kwa nini."

Aliingiza mkono ndani ya kola ya sare yake, akaushika pale, chini ya shingo, mahali ambapo maji yale yalimpata. Sidhani alijua kama anafanya hivyo. Fomu ilikuwa bado mapajani mwake.

"Chapati zilitosha?" akauliza.

"Zilitosha. Alikula tano."